Koito ya Chepkurui

Jumanne, 1 Julai 2025

Mvua imenyesha asubuhi, ile ndogo ya kulainisha tu. Asante Mungu. Majani ya chai kilo sitini na nne, na shamba la chini bado halijaguswa.

Nimeenda ofisi ya chifu kuchukua barua ya mtoto wangu Chepkurui. Kliniki anakofanya kazi huko Litein inataka kumwajiri kabisa, na wanataka barua ya nyumbani. Karani wa chifu ni kijana mgeni, Kimotho, wazazi wake wana duka la mabati Kericho. Ameuliza jina la baba. Nikamwambia, andika Marcella Chepkosgei. Kalamu ikasimama. Akasema, Gogo — yaani bibi, ndivyo wote huniita — hapo ni pa baba, si pa mama. Nikamwambia mama yake ni Nyanchama, mwandike hapo chini. Baba ni mimi.

Akageuka nyuma kutafuta mtu wa kucheka naye.

Chifu mwenyewe ndiye alitoka akamweleza. Kwamba nilifiwa na mume mwaka wa tisini na nne bila mtoto, na sikutaka nyumba ya marehemu ifungwe. Kwamba nilioa. Ng'ombe walitoka hapa wakaenda Kisii, na Nyanchama akaletwa mbele ya wazee — ndoa ya toloch, ya kuegemeza nyumba. Watoto wake ni watoto wangu. Ukoo wao ni ukoo wa mume wangu. Kimotho akauliza, sasa yule mwanaume aliyemzaa mtoto je?

Chifu akamwambia, hapo hatuulizi.

Barua nimepata. Lakini nimerudi na moto kifuani. Kanisani pia ni hivyo hivyo. Mwaka wa ishirini na tano huu tangu nimwoe, na wakisoma majina ya waliotoa, Nyanchama ni "mfanyakazi wa Marcella". Matoleo ya huyo mfanyakazi hawajawahi kukataa.

Basi. Nishukuru. Nilianza kuchuma chai ya wenyewe nikiwa na miaka kumi na sita, nikawa nyapara, leo nina miche elfu saba na mia nne yangu mwenyewe, ng'ombe wanne, mashine ya kusaga, na mke ambaye hajawahi kuniambia hapana hata siku moja. Wangapi wanaweza kuandika hivyo?

Ijumaa, 4 Julai

Dolphine anayeuza mitumba Litein amenisimamisha sokoni. Ana sauti yake tamu ya kuleta habari mbaya. Ati mtoto wangu anabebwa na kijana kwa pikipiki, na si boda — boda hawangoji mtu anunue viatu.

Nimeshukuru kwa habari, nikanunua sweta ambayo sikuitaka.

Jioni Chepkurui amekuja nyumbani wikendi. Sikuzunguka. Nimemuuliza huyo wa pikipiki ni nani. Amecheka mpaka akaketi. Amesema alikuwa amepanga kuniambia Jumapili, amekuwa akitafuta maneno tangu Pasaka. Anaitwa Bethwel. Mwalimu wa shule ya msingi. Ana miaka ishirini na sita. Kwao ni Kapsoit. Ameokoka — na ameokoka kweli, si ya mdomo. Chepkurui anasema kijana hajawahi kuingia chumba alichopanga yeye Litein. Akimtembelea anaketi nje juu ya mtungi wa plastiki wa maji, majirani wanamcheka, wanamwita askari. Amesema mpaka koito ifanywe, wazee wapatane mahari, yeye ni wa nje.

Sikuonyesha, lakini nimefurahi. Siku hizi nani anangoja koito? Wengi wanakuja kulipa mahari wajukuu wakiwa shule.

Nyanchama hayupo. Amekwenda kwao Kisii, mazishi ya mjomba, atarudi Jumatatu. Nimemwambia Chepkurui tusimwambie kwa simu. Habari njema iambiwe uso kwa uso.

Jumapili, 6 Julai

Siku nzuri kuliko nyingi.

Bethwel amekuja baada ya kanisa. Mrefu, mkimya, ana paji la uso pana. Nilipoingia sebuleni amesimama, akavua kofia, akanisalimia vile mtu anasalimia baba ya msichana. Akaniita Mzee. Hakutabasamu akisema. Hakumwangalia Chepkurui kuona kama amekosea. Mzee!

Ilibidi niende jikoni kuangalia chai ambayo haikuhitaji kuangaliwa.

Noah, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwepo. Anajua harufu ya kuku. Amefanya kazi moja ya maana lakini: ameuliza ukoo. Sisi ni wa nyuki. Wao ni wa jua. Ameuliza upande wa mama, akapigia simu wazee wawili wa Kimulot, wakaenda nyuma mpaka kwa babu wa babu. Hakuna mahali tunagusana. Njia iko wazi. Wazee wamesema koito iwe Jumamosi tarehe kumi na tisa.

Nimeuliza baba yake ni nani. Isaiah. Kumbe namjua! Alikuwa karani wa mizani kwa senta yetu ya kupeleka majani, zamani, kabla ya kuhamishwa. Mtu nadhifu, suruali ina mstari. Nimesema basi tunajuana, na Bethwel ameshusha mabega kama mtu aliyetua gunia.

Noah ameondoka na paja la kuku kwa karatasi. Mlangoni akanong'ona kwamba siku ya koito itafaa mwanaume akae mbele, kwa heshima ya wageni. Nimemwambia kiti changu kina miguu minne na hakijawahi kulalamika.

Usiku mwema. Asante kwa kijana anayeketi nje.

Jumatatu, 7 Julai

Nyanchama amerudi na mkungu wa ndizi. Amefika amechoka lakini nilipomwambia kuna mchumba, uchovu uliisha. Akapiga vigelegele pale pale kwa lango, ndizi bado kichwani. Akauliza maswali yote kwa mpigo — anakula ugali ya wimbi? mama yake yuko hai? atamkataza kazi?

Kisha nikasema baba yake ni Isaiah, yule wa mizani.

Ameshusha ndizi. Ameketi kwa kizingiti. Nikadhani ni jua.

"Huyo hapana, Mama."

Nikauliza kwa nini. Akarudia hivyo hivyo. Nikauliza kama kuna ugonjwa kwao, kama kuna wizi, kama alisikia kitu. Hapana, hapana, hapana. Mwanamke ambaye hajawahi kunikatalia ametumia hapana zake zote kwa jioni moja.

Nimekasirika sana. Naandika ili nisirudi kumfokea.

Jumatano, 9 Julai

Bado. Anapika, anakamua, anachuma. Hasemi. Kilo thelathini na moja tu leo watu wawili — mikono inachuma na akili iko pengine.

Chepkurui amepigiwa simu na mama yake akaambiwa amwache huyo kijana. Bila sababu. Akanipigia mimi akilia. Nimemwambia aniachie, nitatengeneza. Mimi ndiye baba.

Alhamisi, 10 Julai

Leo nimepeleka majani mwenyewe, Nyanchama nimemwacha nyumbani. Foleni ndefu. Karani wa sasa anakata kilo mbili kwa kila gunia, ati ni maji. Priscillah, jirani yangu wa miaka mingi, amelalamika mpaka karani akajifanya kiziwi. Akaniambia, unakumbuka Isaiah? Huyo hata kama ni kiangazi alikuwa anakata. Alikuwa anakata hata vumbi.

Nikacheka naye. Nikasema sisi hakuwa anatukata.

Priscillah akasema ndiyo, ninyi hapana. Nyanchama wako hapana. Akaacha hapo, akaanza kushughulika na kamba ya gunia lake.

Nimerudi nyumbani kwa miguu, gari la majirani nimeliacha lipite.

Ni kweli. Mwaka wa elfu mbili na moja. Nyanchama alikuja Januari. Yeye ndiye alikuwa anapeleka majani, mimi niko kwa kampuni ya chai bado. Nilikuwa napima nyumbani kwa mizani yangu ya mkono kabla hajaondoka, kwa sababu siamini watu. Ya nyumbani na ya senta zilikuwa sawa. Kilo kwa kilo. Nilimshukuru Mungu kwa karani mwaminifu!

Isaiah alihamishwa Desemba mwaka huo. Chepkurui alizaliwa Machi iliyofuata.

Hesabu naijua. Ndiyo kazi yangu maisha yote. Sitaki kuandika jibu.

Ijumaa, 11 Julai

Siku nilimleta Nyanchama hapa nilimwambia mbele ya mama yake: utakachozaa ni changu, na sitakuuliza. Ndivyo inafanywa. Bila hiyo ahadi hakuna mwanamke angekubali, na bila hiyo ahadi mtoto hana baba mmoja, ana uvumi.

Asubuhi nimemfuata kwa zizi. Alikuwa anakamua. Nimesimama upande wa pili wa ng'ombe tusionane uso.

Nikamwambia, "Niliahidi sitauliza. Sasa nauliza."

Maziwa yaliendelea kuingia kwa ndoo kidogo. Kisha akasema, "Ukishajua ndiyo unauliza, Mama."

Basi ni kweli. Bethwel ni ndugu yake. Damu ya baba mmoja. Kijana aliyeniita Mzee anataka kuoa dada yake, na wazee wawili wa Kimulot wamerudi nyuma mpaka kwa babu wa babu wakasema njia iko wazi. Kwa ukoo iko wazi kweli. Hawakukosea hata jina moja.

Nyanchama amenieleza bila kuulizwa zaidi. Hakulazimishwa. Hakupendwa sana pia. Alikuwa na miaka kumi na tisa, hajui Kikipsigis, lugha yetu, mtu wa kwanza hapa kumsemesha kwa upole alikuwa yule wa mizani. Isaiah hajawahi kuambiwa kuna mtoto, lakini miezi anaijua, na Chepkurui ana paji lile pana la kwao.

Akasema, "Nilikuona ukiangalia watoto wa watu njiani. Hukuniharakisha. Nikasema nikuletee wako."

Nilikuwa nimekuja na hasira. Sijui iliendea wapi. Nimebeba ndoo mpaka nyumbani, kazi ambayo yeye huninyima kwa sababu ya mgongo wangu.

Jumapili, 13 Julai

Sikuenda kanisa. Kumwambia mtoto, au kuvunja tu koito na kunyamaza? Nikivunja bila sababu atamfuata. Namjua. Nimemlea mimi.

Kwanza Isaiah. Yeye ndiye ana ufunguo. Akiiondoa posa upande wake, mambo yanaisha kimya na hakuna anayeaibika.

Jumatatu, 14 Julai

Kapsoit. Nyumba nzuri, mawe, maua mbele. Isaiah amestaafu, amenenepa, ni mzee wa kanisa sasa. Amenipokea vizuri sana. Mkewe, mama yake Bethwel, ameleta chai kwa vikombe vya wageni, akakaa, akaniambia vile kijana wao hajalala kwa furaha. Mwanamke mzuri. Sikuweza kumwangalia.

Isaiah akamtuma dukani. Tukabaki.

Nimemwambia wazi, sina njia nyingine ya kusema. Hakushtuka. Hapo ndipo niliogopa. Alikuwa ameshafikiria. Amekoroga chai yake ambayo haina sukari.

"Mama Marcella, huyo mtoto ni wa nani?"

Nikasema wangu.

"Wako na wa nyumba ya marehemu. Ng'ombe walitoka, wazee walikaa. Mimi hapo niko wapi? Sipo. Ukoo wako na wangu ni mbali. Sasa shida iko wapi?"

Nikamwambia shida iko kwa damu. Akasema toloch haijui damu, na mimi ndiye mtu wa mwisho kuleta hiyo maneno. Kisha akasema polepole, kama anayenisaidia, kwamba nikitaka kutaja jina lake nitaje. Lakini nitaje Noah akisikia. Kwa sababu siku damu inahesabiwa, mimi si baba ya mtu yeyote. Mimi ni mjane asiye na mtoto kwa shamba la kaka yake Noah.

Mkewe akarudi na maziwa na mkate. Nimekula mkate. Nimesema asante.

Shamba la juu ni la marehemu, miche elfu nne na mia tano, kila mmoja niliupanda kwa mkono huu. Shamba la chini nilinunua mwenyewe, hilo Noah hawezi kuligusa. Nimepiga hesabu njia yote. Nikipoteza la juu, la chini litatulisha. Si vizuri, lakini litatulisha. Hiyo sehemu ilikuwa rahisi.

Sehemu ngumu haina kilo. Nikisema damu inahesabiwa — basi hata Chepkurui akinitazama ataona nani?

Jumatano, 16 Julai

Chepkurui amekuja bila kuomba ruhusa kazini. Ana begi. Amesema kwa heshima yote, Gogo, kama mama ataharibu koito, Jumatatu wataenda kwa msajili Kericho waandikishwe ndoa, wapange nyumba Eldoret. Bethwel hapendi, anataka baraka, lakini amemshawishi. Huyo ni mimi kabisa anaongea. Hivyo ndivyo nilivyowaambia wazee siku nilitaka kuoa.

Nikamwambia avae gumbuti twende kwa majani.

Ndani ya chai mtu anaweza kusema kitu bila kuangaliwa. Mikono ina kazi yake. Nimeanzia mstari wa juu, yeye upande wa pili, na nimemwambia yote tukishuka. Mizani. Nyanchama na miaka yake kumi na tisa. Kapsoit. Sikuongeza wala kupunguza.

Ameacha kuchuma. Amesimama na majani mkononi. Aliuliza kitu kimoja, kama mama yake alilazimishwa. Nikasema hapana, mwenyewe ameniambia. Akatikisa kichwa polepole.

Kisha akakataa. Si kwa kelele. Akasema hii inaweza kuwa hasira ya mama, inaweza kuwa uvumi wa Priscillah, inaweza kuwa mimi naogopa kubaki peke yangu. Amesema kuna kipimo, wao kwa maabara wanachukua mate ya shavuni wanatuma Nairobi, na mate hayana upande. Nikamwambia apime, apime kesho! Namshukuru Mungu kwa shule aliyosoma.

Ameenda kumwambia Bethwel. Begi limebaki kwa kitanda.

Alhamisi, 17 Julai

Mbaya.

Bethwel alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda Kapsoit akamuuliza baba yake, na Isaiah akashika Biblia akaapa mbele ya mkewe. Ati sisi tunatafuta njia ya kuongeza ng'ombe. Ati huyo Mkisii hajawahi kupenda watu wetu.

Sasa Bethwel hataki kipimo. Amesema kupima ni kumwita baba yake mwongo, na baba ameshika Biblia. Na Chepkurui — Chepkurui amemwamini. Si Isaiah. Bethwel. Anasema mtu anayeketi nje miezi mitatu hawezi kuwa ametoka kwa mwongo.

Amenipigia simu saa kumi.

"Gogo, hapa kila mtu anasema lake. Semeni mbele ya wazee, siku ya koito. Hapo hakuna mtu anadanganya. Mkisema hapo, nitaamini na nitamwacha. Mkinyamaza hapo, Jumatatu ni Kericho."

Ana haki. Mbele ya wazee siku ya koito, wakiuliza kama kuna kizuizi, uongo unarudi kwa watoto wa msemaji. Hata watu waliookoka hapa hawachezi na hiyo. Isaiah mwenyewe alishika Biblia sebuleni kwake. Hakuita wazee.

Isaiah hajaahirisha. Ametuma ujumbe kwamba wanakuja kama ilivyopangwa, watu kumi na wawili. Anajua nitanyamaza. Amenipima.

Ijumaa, 18 Julai

Tumepika siku nzima kama watu wa furaha. Mbuzi mmoja, kuku sita, mursik, maziwa yetu ya kibuyu, imekaa vizuri, nyeusi kwa mkaa na haina uchungu. Nyanchama amesugua vikombe vyote, hata vile havitumiki.

Noah alikuja mchana, viatu vinang'aa. Hajawahi kuja na viatu vya kung'aa. Akaketi akasifu mbuzi. Kisha akasema, shemeji, nimesikia kunaweza kuwa na maneno kuhusu baba wa mtoto. Yeye hataki kujua. Ila lolote litakalosemwa, niwe na amani, shamba la kaka yake halitakosa mtu. Nikamuuliza nani amempigia simu. Akasema watu wanaongea tu.

Nimempa chai.

Nikiwa nayo hii hasira nimehesabu upande ule mwingine pia, nisije nikawa mwongo kwa Mungu. Chepkurui yuko nyumbani usiku huu. Hajaolewa. Kijana alikuwa na imani ya kuketi nje, na hiyo imani imetuokoa na kitu ambacho hakuna mzee angeweza kukisafisha. Mkungu wa ndizi ulirudi wiki mbili kabla ya koito, si wiki mbili baada. Mke wangu alisema hapana siku ile ile. Nimepewa nafasi. Wengine hawapewi.

Nimemuuliza Nyanchama kama nikisema atakubali. Ni jina lake litakalobebwa sokoni, si langu tu. Akasema kesho atanijibu. Ameingia kwa Chepkurui. Taa imezimwa na hakuna aliyetoka.

Jumamosi, 19 Julai

Kumepambazuka bila mvua. Ng'ombe wamekamuliwa mapema.

Chepkurui ameamka akaniletea maji ya kuoga, moto sawasawa. Macho yamevimba. Amevaa ile nguo aliyoshonewa na mama yake. Nimemwambia amependeza. Amesema asante Gogo, akanyoosha kola yangu.

Nimeweka viti. Wageni kulia, sisi kushoto, changu katikati mbele. Noah alifika akaketi kwa changu. Nimemwomba asogee. Amesogea kimoja tu.

Saa tatu Nyanchama ametoka jikoni. Siku kama hii mke hukaa na wapishi mpaka aitwe. Amevua aproni. Amevaa leso mpya, ile ya kijani niliyomnunulia akijifungua mtoto huyu na ambayo alisema ni nzuri mno kuvaliwa. Akabeba kigoda kutoka jikoni, akapita mbele ya Noah, akakiweka karibu na kiti changu. Karibu kabisa, vinagusana.

Noah akasema hapo si pa wanawake. Halafu akaniangalia, akaona alichosema, akakohoa.

Nyanchama akaniambia kwa sauti ya kawaida, kila mtu akisikia:

"Wakiuliza kama kuna kizuizi, jina nitalitaja mimi. Ni langu kutaja. Wewe hukuniuliza miaka yote, hutasumbuliwa leo."

Nikamwambia wakisikia watasema mimi si baba.

"Waseme. Wakimaliza kusema, watakuuliza wewe. Uwaambie nani alimpeleka mtoto kliniki usiku akiwa na homa ya mapafu, Isaiah ama wewe."

Chepkurui alikuwa mlangoni na trei. Amesikia yote. Uso wake — siwezi kuuandika. Ameweka trei chini taratibu, vikombe havikulia. Sasa anajua. Kabla ya wazee. Nadhani aliposikia mama yake akisema "ni langu kutaja", alijua.

Hakukimbia. Amekuja akasimama nyuma yetu, mkono mmoja kwa bega la mama yake na mmoja kwa bega langu. Mkono wake nausikia mpaka mfupani. Naandika hivi daftari iko gotini, kama bibi kizee aliyechanganyikiwa, kwa sababu nikiacha kuandika nitalia na leo si siku ya kulia.

Asante. Lolote lile. Asante kwa huu mkono.

Magari yanapanda. Mawili, la pili ni la Isaiah, jeupe. Bethwel yuko na pikipiki nyuma, peke yake, hakuketi na baba yake kwa gari.

Wameimba kwa lango vile inavyotakiwa. Wanangoja mwenye boma awafungulie.

Noah ameinuka, anavuta koti.

Nimemwambia aketi.